Mguu Umeshikwa

Jumatano, Novemba

Na bado bodi imegoma. Kihisi joto kinataka mguu uleule wa chipu, yaani pini yake, ambao skrini imeshauchukua. Ndani ya chipu kuna swichi ndogo: mguu mmoja unaweza kuitumikia skrini au kihisi, lakini si vyote kwa wakati mmoja. Programu ya skrini huamka kwanza na kuushika. Ya kihisi ikija, inaambiwa hapana, una mwenyewe. Kuhamia mguu mwingine haiwezekani, bodi zimeshatengenezwa.

Jioni nilikuwa namweleza Salim wa kazini kwenye simu: "Mguu umeshikwa, ndiyo maana haufanyi kazi."

Mama akatokea jikoni na chupa ya mafuta ya kuchua. "Umeshikwa tangu lini, na hunambii?"

Salim alicheka mpaka akakata simu. Mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza mama. Nilikaa kwenye kochi nikampa mguu mzima kabisa, akauchua. Mikono yake inatetemeka siku hizi. Hapa Thornhill, ugenini, bila gari hafiki popote, na dereva ni mimi tu.

"Kesho asubuhi utanipeleka kliniki, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Na mchana nilishamwambia bosi ndiyo, kesho asubuhi niko ofisini mpaka bodi ikubali.

Amelala sasa. Mguu wangu unanukia karafuu, na sijui nitamwambia nani hapana...

Ile chipu angalau ina ujasiri wa kumkatalia anayekuja wa pili.