Kitambaa Kilichoandikwa Kula

Baba,

Shikamoo. Nimenyamaza kidogo hapa, nikusubiri uitikie, kwa sababu ulinikataza kuanza habari kabla mkubwa hajasema marahaba.

Haya. Nimekaa mashineni, juu ya gunia lako lile la kukalia. Ni saa nane mchana. Mkanda umesimama, hakuna mteja tangu saa sita, na jua limepenya kwenye matundu ya bati likatia vidoti sakafuni. Vumbi la unga linapanda na kushuka ndani ya mwanga bila haraka yoyote. Saa kama hizi usingizi hunichukua nikiwa nimekaa hivi hivi, na wewe huja. Umejaa unga mpaka kwenye kope. Unasimama kwenye mdomo wa mashine, unamimina mahindi, na mashine inazunguka lakini haitoi sauti. Halafu unanigeukia. Unafungua kinywa useme, na hapo napo hakitoki kitu. Naamka mdomo wazi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nahangaika kusema.

Nimeota hivyo mara nyingi tangu tukuzike. Najua kwa nini. Kesho kuna jambo ambalo siwezi kulifanya kabla sijakuambia hili, basi nimechukua daftari la shule na kalamu ya kusahihishia, hiyo nyekundu unayoijua. Nyingine imeisha wino.

Kwanza za nyumbani. Mama hajambo. Amehamia upande wako wa kitanda, anadai upande wake una baridi. Shinyanga hii, Baba, baridi ya wapi? Masanja bado yuko Geita machimboni. Anasema shimo lao liko karibu kutoa. Mdogo wangu huyu amekuwa akisema hivyo tangu wewe ungali hai, na mimi nimeacha kumbishia, namwambia tu avae viatu. Mvua ilikuja ikakatika, ikarudi tena ghafla, na ule mtaro uliouchimba nyuma ya mashine ulifanya kazi yake.

Mashine ya kukoboa imelala. Wengine nikiwaambia hivyo wananiuliza kama imeharibika. Haijaharibika. Watu hawakoboi tena.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma hali ya nchi kwenye pumba. Zikijaa nyuma ya mashine, ulijua watu wanakula sembe, wana nafasi ya kutupa ganda la hindi. Zikipungua, ulifagia hicho kidogo kilichokuwepo, ukajifuta jasho, ukasema polepole, "Dona limeludi, Mayu." Hivyo ndivyo ulivyoniita, Mayu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuzaa. Siku nyingine redio ilikuwa inasema uchumi unakua, na wewe ulikuwa umeshika ufagio unatazama sakafu safi. Ulisema, "Labda unakulia kwao. Hapa kuku wangu wanakonda."

Sasa hata dona lenyewe linachanganywa. Juzi Mama Shija, yule jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alileta mahindi nusu kisado, na juu yake michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ili vijaze. Tukasaga pamoja. Unga ulitoka una rangi ya udongo, unanukia utamu. Aliuonja kwa kidole akacheka. "Watoto watafikili leo ni sikukuu. Una sukali." Sukari yenyewe dukani sasa inauzwa kwenye vifuko vidogo vya nailoni, vya chai ya siku moja. Niliwasha mashine tena bila kazi, ili asinisikie navuta kamasi.

Unakumbuka jinsi ulivyoingia kwenye siasa? Wengine waliingia kwa ajili ya katiba. Wewe uliingia kwa ajili ya kitako cha kisado. Ulienda gulioni kununua maharage, ukakuta vile vindoo vya kupimia vimegongwa kitako kikaingia ndani, na bei ni ile ile ya mwezi uliopita. Ulirudi nyumbani umekishika kimoja mkononi. Sijui ulikipataje, na Mama alisema asiulizwe. Ulikigeuza juu chini mezani, ukaweka chumvi kwenye lile bonde, ukatuita wote tutazame. Ukasema hiki hapa ndicho kipande cha chakula kinachopotea kila siku, na hakuna kiongozi hata mmoja anayekiona kwa sababu hawanunui kwa kisado. Wiki ile ile ukachukua kadi ya upinzani. Mama hakulala chumbani siku tatu.

Ukagombea udiwani mara tatu, ukashindwa mara tatu. Watu wakakuita Mheshimiwa kwa utani, na wewe ukaitika kwa heshima zote. Ulitaka mambo mawili tu. Mizani ya kweli sokoni. Na anayebeba mazao yake kichwani asitozwe ushuru. "Mwenye loli atozwe," ulisema. "Mwenye kichwa aachwe apite."

Nakumbuka pia ile safari ya Geita, tulipompelekea Masanja unga. Tulipita Isaka malori ya mizigo yamejipanga mpaka mwisho wa macho, na wewe ukayatazama yote. Kule machimboni ukasimama kwenye kibanda cha mnunuzi wa dhahabu ukamwona akipima chembe. Mizani yenyewe ndogo, imefunikwa kioo ili pumzi ya mtu isiitikise. Hatua chache kutoka pale, mama mmoja alikuwa anauza unga kwa kisado kilichogongwa. Ulisimama katikati ya hivyo viwili muda mrefu mno, mpaka Masanja akaona aibu. Halafu ukaniambia, "Mayu, kitu kisicholiwa kinapimwa mpaka pumzi. Kitu cha kula kinapimwa kwa ngumi." Ningekuwa na akili, ningeyaandika maneno hayo kitambaani na kuyatundika kata nzima.

Lakini mimi akili yangu ilikuwa kwenye herufi.

Hapa ndipo ninapotaka kufika, nami nimezunguka kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. Ile kampeni yako ya mwisho. Ulimpigia simu fundi wa mabango aandike kitambaa, naye, Msukuma mwenzako, akaandika alichosikia. Nilishuka kwenye pikipiki kutoka shuleni nikakikuta kimetundikwa langoni mwa gulio, herufi nyekundu kubwa: MPE MABULA KULA YAKO. Mimi, mwalimu wa Kiswahili. Mtoto wa Mabula. Nilihisi masikio yanawaka. Nilipanda juu ya gunia la mtu, nikakivuta mpaka kamba ikakatika, nikakikunja mbele ya watu. Na wewe ulikuwa pale, Baba. Ulikuwa umekuja kukitazama, umevaa shati lako la kitenge.

Nikakusahihisha kama mtoto wa darasa la pili. "Ni kura, Baba. Ku-ra. Kula ni kula ugali. Weka ulimi juu, utikisike. Sema." Na wewe ukasema. Mtu mzima, mwenye wajukuu, ukaweka ulimi juu ukajaribu, pale pale langoni, wauza nyanya wakitazama.

Jioni ile kwenye mkutano ulishika kipaza sauti ukaanza vizuri, kwa sababu ulikuwa unaenda polepole, unatafuta kila neno kabla hujalikanyaga. "Naomba kura zenu." Ukanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Halafu ukaingia kwenye bei ya vyakula, huko ulikokuwa na moto wako wote, na ile herufi yangu ikakufuata. Ukasema bei ya ugari. Ukasema chakura cha watoto. Watu wakacheka. Ukasimama. Ukasema tena ugari, wakacheka zaidi. Ukanipa kipaza sauti. "Soma wewe, Mayu. Wewe una mdomo wa kitabu."

Nikasoma. Hakuna neno lililopinda. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi, na kabla sijafika mwisho wauza nyanya walikuwa wanafunga vitambaa vyao. Hukupanda jukwaani tena. Kura zilipohesabiwa ulikubali, ukarudi mashineni, na tangu siku ile ukaongea Kisukuma tu, na kila mtu, hata na mimi. Tulipokupeleka hospitali ya Kolandoto ulimsalimia daktari kwa Kisukuma, naye akakuitikia vizuri, mkaelewana. Nilikaa pembeni ya kitanda siku zile zote nikisubiri ulitaje lile jambo ili nikuombe msamaha. Hukulitaja. Nami sikuomba. Nilikulisha uji, nikakukunjia mashuka, nikafanya kila kitu isipokuwa hicho.

Nisamehe, Baba. Ndiyo hiyo. Imeniwia rahisi kuiandika kuliko nilivyodhani.

Sasa la kesho. Diwani aliyekushinda amejiuzulu, afya yake si nzuri, na kata yetu ina uchaguzi mdogo. Mwenyekiti wa chama, Mzee Nkwabi, alikuja nyumbani na wazee wawili. Walikunywa chai isiyo na sukari bila kuuliza. Kisha akaniambia, "Mwalimu, tunaomba ulithi kiti." Nikamwambia kiti chenyewe Baba hakukikalia hata siku moja, nirithi nini? Akasema, "Ulithi kukiomba." Nikaomba siku saba za kufikiri. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ya ualimu nilisikia herufi imekosewa na sikuwa na hamu ya kuigusa.

Siku ya sita nilivuka barabara kwenda kwa Mama Shija kumrudishia ungo wake. Alikuwa ameanika michembe uani. Nilikuwa nusu usingizini, jua lile la mchana linavyofanya kila kitu kielee kidogo, hata nyumba, hata mbuzi. Nikaona chini ya viazi kuna herufi nyekundu. Nikainama, nikasogeza vipande kwa mkono, kimoja kimoja. KULA YAKO. Kile kitambaa. Mama alikuwa amempa siku ya msiba, wakitafuta vitu vya kukalia. Utomvu wa viazi umekitia madoa, lakini kinasomeka.

Nikalia pale, nimechuchumaa. Mama Shija akadhani nimekasirika, akaanza kuomba radhi. Nikamweleza yote: lango, ulimi, kicheko. Alinisikiliza huku akigeuza viazi vyake, kisha akasema, "Mwalimu, kwani ulifikili hatujui? Sisi wote tunasema hivyo hivyo. Baba yako alipoomba kula, tulisikia kula, na tulisikia kula." Mdomoni mwake maneno mawili yalikuwa moja, na yote mawili niliyaelewa. Nikamuuliza, mbona mlimcheka? "Tulicheka ugari," akasema. "Alikuwa anaongea kama mgeni. Siku zote anatuomba kwa mdomo wetu, siku ile akaja na mdomo wa kuazima. Tukaona, huyu naye wameshamnunua."

Nilirudi nyumbani sijui miguu yangu ilipita wapi. Kumbe hukukosea hata mara moja mpaka nilipokusahihisha. Miaka yote ile ulisimama mbele ya watu wanaochanganya dona na michembe, ukawaomba kula, ukawaahidi kula, na wao wakaelewa kwamba kile cha kwenye sanduku na kile cha kwenye sufuria unavidai pamoja. Mimi ndiye niliyevitenganisha, kwa sababu kamusi inavitenganisha.

Nimechukua fomu, Baba. Mkutano wa kwanza ni kesho, gulioni. Mzee Nkwabi ameleta kitambaa kipya, cheupe, herufi zote sahihi, fundi ameandika akiogopa jina langu. Nimemshukuru nikamrudishia. Nimemwomba Mama Shija kile cha zamani, akakikung'uta, akanipa, akakataa nikifue. "Halufu ya viazi iache," akasema. Kitatundikwa pale pale langoni, na jina lako, kama kilivyo. Kisado chako nitakibeba mimi mwenyewe kichwani, nione nani atanitoza ushuru.

Sijui kama nitashinda. Wewe hukushinda, na mwanamke hapa kwetu anaongezewa kilima juu ya kilima. Hilo halinisumbui leo. Kinachonisumbua ni wakati nitakaposhika kipaza sauti na mdomo huu wa kitabu. Nitawasalimu kwanza kwa Kisukuma, nisubiri waitikie. Kisha nitalisema lile neno kama ulivyolisema wewe, taratibu, ulimi chini. Sitaki kukuigiza. Ni lugha ya nyumbani kwangu vilevile, niliificha tu.

Nasikia mtu anakuja, kabeba ndoo, anahema. Lazima niwashe mashine. Pumzika, Baba, usiwaze pumba. Na nikisinzia tena mchana mmoja, ukaja na unga wako kwenye kope ukafungua kinywa, sema unavyosema.

Sitasahihisha.

Mwanao,
Kabula