Madirisha Niliyoyaficha Ukutani

Kanazi, Alhamisi

Na bado nasema gereji ile ingefaa ijengwe ili baadaye iweze kuwa shule. Malori mawili ya kijiji hayatadumu milele, na watoto wetu wanasomea kwenye kibanda cha majani ya migomba.

Mwenyekiti hakutaka. "Ndugu fundi, kamati imepitisha gereji. Lori halihitaji dirisha." Wajumbe wakapiga makofi.

Basi nikafanya kwa siri. Katika ukuta wa nyuma nimeweka linta nne za zege, ile mihimili ya kubeba ukuta juu ya dirisha, na chini ya kila moja nimejaza tofali za udongo ambazo siku moja zitabomolewa kirahisi, ziwe madirisha. Leo tumemaliza plasta. Hakuna anayejua.

Lakini nondo za linta ni mali ya kijiji. Wakigundua wataiita hujuma.

Nimemwambia mke wangu tukila. Akauliza, "Na ukifa kabla ya malori, waitu, mwenzangu, nani atajua pa kubomoa?"

Hilo sikulifikiria. Nimefungua daftari hili niandike vipimo, nikaona ninaandika ushahidi wa kunifunga.

Kutoka kona ya upande wa kanisa, hatua tatu, halafu