Bingwa wa Biliadi Aliyezikwa kwa Heshima

Kwako mtani wangu Kondo, marehemu mwenye makengeza,

Habari zako nimezipata kwa dereva wa lori la tumbaku. Kasema umekufa huko Usinge, umeoshwa vizuri, umekafiniwa vizuri, sheikh kasoma vizuri, na watu wakakaa jamvini wametulia, vichwa chini, mpaka wakatawanyika. Nikamuuliza, hakuna aliyecheka? Akanitazama kama anayetafuta kamba ya kunifunga. Akasema yule alikuwa mzee wa watu, acheke nani?

Mzaramo mzima, umekufa katikati ya Unyamwezi, na hakuna hata mmoja aliyekutukana! Hakuna aliyelala njiani kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Hakuna aliyevaa kofia yako akatembea mwendo wako wa bata aliyeshiba. Mbwa wa jirani yangu alipokufa alisemwa zaidi yako. Kwa hiyo nakuandikia mimi, tena gazetini, kila mtu asome, maana tusi la mtani likisemwa chumbani linageuka ugomvi. Elimu yangu unaijua: la nne nililimaliza, la tano nililiona dirishani. Lakini mimi ni mtu niliyetembea. Nimekula dagaa Ujiji, nimekula wali Bagamoyo, nimedaiwa miji yote miwili. Mhariri akinisahihisha, amesahihisha karatasi tu.

Wenye kujua wanajua tulikotoka, wewe na mimi. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani. Waliochoka walikufia kwenu, na babu zenu ndio waliowazika, huku wakiwasema maiti: huyu naye kaja na mwili mzito, kwao hakuna pa kufia? Hivyo ndivyo tulivyoambiwa utani ulivyoanza. Mimi naamini, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani ambaye angepata wazo la kumlalamikia maiti uzito ila Mzaramo.

Unaikumbuka meza yangu ilivyokuwa kabla hujaja? Mabwana wa reli walipofunga mizigo baada ya Uhuru, meza yao ya biliadi iliwashinda. Chini ya kile kitambaa cha kijani kulikuwa na jiwe, na jiwe hilo hakuna aliyetaka kulipeleka Ulaya. Mimi nilikuwa nafuta glasi katika klabu yao. Nikaipata kwa bei ya mbuzi mgonjwa, nikaileta Ng'ambo, mtaani kwetu hapa Tabora, nikapaka ukumbi chokaa, nikatundika kibao. Nikadhani nimetajirika.

Kosa ni kwamba pamoja na meza nilichukua na sheria yao. Mzungu anapolenga, hakuna kukohoa. Nilidhani kimya ni sehemu ya mchezo, kama chaki ya kupaka fimbo. Watu wa Tabora walikuja mara moja, wakaona wanaume wawili wanainama na kuinuka bila neno, kana kwamba wamedondosha sindano, wakaenda zao kwenye kandanda. Yule mama aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni aliniambia mchezo wangu unamfaa mgonjwa aliyekatazwa kufurahi.

Ndipo ulipoitwa wewe, fundi seremala wa karakana ya reli, kuja kunyoosha mguu wa meza. Ukaunyoosha, ukaomba fimbo tujaribu. Kwa makengeza yale, mpira uliokuwa ukiulenga haukujijua. Ulikuwa unatazama mlango, mpira wa dirishani unaingia shimoni. Umenipita, nimebakiza mmoja, nainama kuokoa heshima ya nyumba, nawe badala ya kunyamaza ukasema kwa sauti ya mwadhini:

"Inama vizuri, Mnyamwezi. Babu yako aliinama mpaka Bagamoyo na hakulalamika."

Mkono ukateleza. Mpira mweupe ukaenda shimoni peke yake, kama unaona haya kwa niaba yangu. Nikakujibu kwamba Wazaramo hamkuinama kwa sababu kuinama ni kazi, na ninyi na kazi hamjawahi kutambulishwa. Mama wa maandazi akacheka huko nje, akaingiza kichwa. Nyuma yake wakaja watu wa baiskeli. Wiki iliyofuata nilikuwa natafuta mbao za mabenchi, na wewe ndiye uliyenipigia misumari, ukiniambia kila ubao ni wa kunichongea jeneza.

Hapo ndipo nilipoielewa biashara, na wale wanaotaka kuukuza mchezo huu wasome hapa, siwatozi. Mtu hatoi kiingilio kuona mpira ukitumbukia. Anatoa kiingilio kumwona mwanamume akikosa mbele ya mtu mwenye ruhusa ya kumwambia. Nikaandika matangazo kwa mkaa, nikabandika stesheni: MNYAMWEZI NA MZARAMO, LEO NANI ATALIA? Abiria waliokuwa wakingoja treni walikuja na mizigo yao kichwani. Watu walipanda treni toka Kaliua, wengine toka Mpanda huko, kuja kukusikia ukinitukana. Kila mwenye mtani wake alimleta. Na sheria ya ukumbi nikaibadilisha: kabla ya kushika fimbo kila mtu anataja kabila lake kwa sauti. Mkiwa watani, mdomo ni sehemu ya mchezo. Kama si watani, mdomo unafungwa.

Tulikuwa wakatili, Kondo, na ukatili ule ulitushibisha. Nilitukana makengeza yako, nikamtukana mkeo aliyekukimbia, nikasema alikuwa amekaa kushoto muda wote na wewe unamtafuta kulia. Simu ilipokuja kwamba mama yako amefariki Kisarawe, ulikuja ukumbini hivyo hivyo, kwa sababu hukuwa na kwa kwenda kwingine. Nikajifunga kanga, nikaingia naburuza miguu kama bibi, nikauliza yuko wapi mwanangu mvivu, nimekufa nikimngoja aniletee kuni. Ulikaa sakafuni ukacheka mpaka machozi yakakulowanisha shati, na baadaye yakawa machozi ya kweli, na hakuna aliyejua yalibadilika wapi. Ubani ukakusanywa palepale juu ya meza, kila mtu akiweka na tusi lake, ukapanda treni ukamzike. Kuna mwalimu mmoja mgeni alisema mimi ni mnyama. Yeye hakutoa chochote.

Uliporudi ukaacha kazi ya reli. Ulisema utaishi kwa fimbo. Nikakwambia hiyo ndiyo siku yako ya kwanza kusema ukweli kuhusu kazi. Wewe hukucheka. Ulitaka jambo moja tu: siku moja mtu akikuuliza unafanya nini, ujibu kwamba unacheza biliadi na unalipwa, naye aamini.

Basi akaja ndugu yule wa shirika. Toka Dar, suruali ya tetroni, fimbo yake mwenyewe kwenye mkoba. Shirika lao lilikuwa limeajiri wacheza kandanda, na sasa lilitaka na wacheza biliadi: mshahara wa mwezi, safari, na koti lenye nembo kifuani. Amesikia habari zako. Atacheza nawe yeye mwenyewe, na ukimpa taabu, basi umeajiriwa. Siku ile ulipiga shati pasi mpaka kola ikang'aa. Chaki ilikudondoka mara mbili, nikakuuliza kama ni njaa au ni uzee, ukaniambia ninyamaze. Hujawahi kuniambia hivyo kabla wala baada.

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Nikauliza kwa mujibu wa sheria: ndugu, kabila lako? Akajibu, "Mtanzania."

Watu wakapiga makofi. Lilikuwa ndilo jibu sahihi siku zile, linasemwa redioni, linasemwa shuleni, na nani angemwambia si jibu? Lakini sheria ya ukumbi haikuwa na mahali pa jibu hilo. Ungefunga mdomo, Kondo. Ungecheza kimya kama Mzungu, koti ungelipata. Wewe ulikuwa umemsikia mlangoni akimwita mama wa maandazi "mayu", yaani mama kwa Kinyamwezi na Kisukuma, ukaamua moyoni kwamba huyu ni wa kwetu huku, ni mtani wako, anaona haya tu kwa sababu ya tetroni. Lakini mtu yeyote akifanya kazi Mwanza mwaka mmoja anasema mayu. Hata mimi nikilewa nasema salut, salamu ya Wakongo, kama mtu wa Kigoma.

Mlikuwa mnalingana. Akainama kulenga. Ukasema mama yake alimzaa ameinama hivyo hivyo, ndiyo maana mama wa watu alikufa kwa aibu.

Akasimama wima. Akasema polepole, "Mama yangu tumemzika mwezi uliopita."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Tulidhani ni fundi, amekuja na maiti wake mwenyewe. Na wewe, kwa furaha ya kumpata mtani wa kiwango, ukamuuliza:

"Mlimzika amekufa kabisa, au hamkuwa na muda wa kungoja?"

Watu waliangukiana mabegani. Yeye akaanza kuifungua ile fimbo yake, vipande viwili, anairudisha mkobani, na machozi yanamtoka, na sisi tukayapigia makofi machozi yale. Tulidhani yuko kama wewe siku ya kanga. Alipofika mlangoni mama wa maandazi alimpa njia, akamtazama usoni, na yeye ndiye wa kwanza kuacha kucheka. Baadaye tulisikia kwao ni mbali, hawana utani na yeyote kati yetu.

Unajua yaliyofuata, lakini wasomaji hawajui. Ukumbi ulifungwa na wakubwa wa mji, wakasema ni kijiwe cha wavivu na cha kutukanana makabila. Meza ikachukuliwa. Kisha wasio na kazi wakaanza kupelekwa vijijini. Mimi nilikuwa na leseni ya kuuza mafuta ya taa, nikabaki. Wewe ukasimama mbele ya karani, nami nipo nyuma yako na mfuko wako wa nguo. Akakuuliza kazi. Ukanyoosha mgongo ukasema, mchezaji wa biliadi wa kulipwa. Karani alicheka mpaka kalamu ikamtoka mkononi. Miaka yote ile niliyokujua, hiyo ndiyo mara pekee uliyosema kitu bila utani ndani yake, na ndiyo iliyochekesha kuliko zote. Ukapandishwa lori.

Nilikufuata mara moja, utanikubalia hilo. Treni mpaka Kaliua, halafu juu ya magunia mpaka Usinge. Nikakukuta mtu mwenye cheo. Watoto shikamoo mzee Kondo, wanawake wanapiga goti, vijana wanakupokea jembe. Umewatengenezea milango, umewachongea mizinga ya nyuki, unatazama tumbaku kwa jicho moja na msitu kwa jingine. Nikafungua mdomo kwa tusi nililolitunza njia nzima. Ukaniziba kwa kiganja.

"Polepole, mtani. Huku mimi ni Mtanzania."

Walipokuuliza siku ya kwanza, hivyo ndivyo ulivyowajibu. Lile somo la ukumbini ulikuwa umelishika sawasawa, bwana mwanafunzi, ila umelishika pasipotakiwa. Kijiji kile kimejaa Wanyamwezi wenye ndimi kama mundu, na wamekaa na Mzaramo miaka, wanamwamkia. Tukaenda nyuma ya bani, kule wanakokaushia tumbaku, tukatukanana kwa kunong'ona kama wezi wanaogawana. Nikakutukana mama, ukanitukana babu. Moshi unatutoa machozi, au tuseme ni moshi. Halafu ukaniambia:

"Wananiheshimu, mtani. Naumwa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikakwambia basi ufe upesi upumzike. Umenitii, ingawa kwa uvivu wenu umechukua miaka mingi. Ni agizo la kwanza la Mnyamwezi uliloliheshimu.

Ile meza nimeiona majuzi. Ipo ofisini, wameifunika mbao na kitambaa, wanafanyia mikutano. Niliingia kwa shida zangu za leseni. Wanakaa pande zote, wanainamisha vichwa, mmoja anasema, wengine kimya. Kila mmoja anakosa, na hakuna wa kumwambia. Viti vingi vilikuwa vitupu. Ningewaeleza namna ya kuvijaza, lakini nahitaji leseni.

Sijalia, usijisifu. Nimekaa dukani tangu alipoondoka yule dereva, wateja wananiuliza kama nimepungukiwa mafuta. Nafikiria tu kwamba babu yako aliwazika babu zangu kwa maneno, kila mmoja, hata wasiojulikana majina, na mimi nimekuacha ukafunikwa udongo kwa adabu kama afisa. Huko uliko huenda bado unangoja mtu aanze.

Basi mimi naanza. Wakubwa kwa wadogo wa Usinge, nisikilizeni. Yule mzee mliyempigia goti ni Mzaramo, wa baba na mama, mtoto wa Kisarawe. Aliwaficha. Ni mtani wenu, amekula ugali wenu miaka yote hiyo bila hata tusi moja, na amewaibia haki yenu mpaka kaburini. Ile milango yake inapinda, semeni. Mizinga yake nyuki waliikimbia kwa sababu ya macho yake, semeni. Nendeni mkasimame pale juu yake, wanaume na wanawake, mumwambie yote mliyoyameza kwa heshima, na asiye na tusi aje Tabora nimgawie.

Nawe ukiwasikia wanakuja, lala. Usijibu. Zamu yako imekwisha.

Ni mimi mtani wako,
Mnyamwezi, mjukuu wa mpagazi.