Jumanne ya Baba

Shamba la Rustebakke,
Barabara ya Kilima cha Thorsby,
Thorsby, Wisconsin.
17 Novemba 2022

Mpendwa mdogo wangu Lowell,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mgongo unaendeleaje? Corinne ameniambia sasa unafika hadi kwenye sanduku la barua na kurudi bila fimbo. Nimefurahi, lakini usijitie ushujaa. Umetiwa vyuma mwilini, wakikuambia lala, wewe lala. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri watu wanavyoweza kuwa hawajambo baada ya mazishi. Shemeji yako Gene ana kikohozi, ng'ombe wanatoa maziwa, theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Mama anakula vizuri na uzito haujapungua.

Mazishi yalikwenda salama. Kina mama wa kanisa waliandaa mikate ya nyama ya nguruwe na viazi vya jibini, na kahawa ile yao isiyo na nguvu ambayo Baba aliiita maji ya kuoshea vyombo. Watu walijaa hadi ngazini. Kuhusu wewe kutokuwepo, hakuna aliyenuna, maana wote wanajua upasuaji wako. Shangazi Arlene alinuna kidogo, lakini yeye hununa hata harusini.

Sasa nije kwenye swali lako. Jumatano ile uliniuliza kwa simu kama kura ya Baba ilihesabiwa, nami nikakuambia ng'ombe wananingoja. Ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa. Haikuhesabiwa, Lowell. Nimetaka kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningelia, na jambo hili nataka ulisikie lote toka mwanzo.

Unajua kwa nini kura ya mwaka huu ilimshika kuliko zote alizowahi kupiga. Kaunti ilitaka kuuza makao ya wazee, yale anamokaa Mama, na swali wakaliweka kwenye karatasi ya kura: yauzwe au yasiuzwe. Baba alikuwa akienda kule kila siku baada ya chakula cha mchana. Alimshika Mama mkono wakala aisikrimu, hata siku ambazo Mama alimwita kwa jina la kaka yake. Wauguzi wa pale ni watoto wa majirani, Mama aliwafundisha wengine shule ya Jumapili. Akija tajiri wa mbali, atapunguza wauguzi kwanza, kisha tutaambiwa nafasi ya Mama haipo. Baba hakutaka kitu kingine kwenye karatasi ile. Wagombea wote, wa chama chake na wa chama kingine, aliwaita wauza magari mabovu.

Mwezi wa kumi daktari alipotuambia moyo wake umechoka, ndipo tulipoanza kumvuta mzee kila mtu upande wake. Wewe ulitaka apige kwa posta. Mimi nilitaka nimpeleke mapema kwa Renae Pribyl, karani wetu wa mji, ambaye ofisi yake ni meza ya jikoni kwake. Mwenyewe alitaka siku ya uchaguzi. Alisema atakuja na gari hadi mlangoni pa ukumbi wa mji, kituo chetu cha kura, nasi wasimamizi tutamletea karatasi dirishani, kama sheria inavyomruhusu mgonjwa. Alikuwa amesimamia kituo kile tangu sisi hatujazaliwa, na hakuwahi kupiga kura mahali pengine.

Bila shaka unakumbuka mlivyojibizana, maana simu niliishika mimi.

"Baba, huku Oregon wote tunapiga kwa posta," ulimwambia. "Unajaza, unalamba bahasha, kwisha kazi."

"Nyie mnapiga kura kama mnaagiza viatu."

Ukacheka. Mimi sikucheka, nilijua kinachokuja.

"Hujui bahasha zinavyofanywa huku, mwanangu. Bahasha inakaa kwa karani mpaka Jumanne ya uchaguzi. Mwenyewe akifa Jumatatu, inawekwa kando. Mimi ya Alma niliiweka kando kwa mkono huuhuu, na Delmar kakaa hapa, ubavuni kwangu."

"Acha hayo, mzee. Wewe hufi."

"Basi kama sifi, haraka ya nini?"

Pengine hukumwelewa, kwa sababu umeondoka huku zamani. Huku kwetu kura ya posta na kura ya mapema ni mtoto na nduguye. Zote mbili hutiwa kwenye bahasha na kungoja siku yenyewe. Siku hiyo tunazitoa ukumbini mbele ya watu, tunasoma jina la kila mwenye bahasha kwa sauti, na asiyewekewa pingamizi karatasi yake inaingia sandukuni. Aliyefariki kabla ya siku hiyo hana kura. Kwa hiyo njia yako na njia yangu zilikuwa njia moja. Njia ya Baba ndiyo pekee iliyomtaka awe hai, naye alikuwa amekusudia kuwa hai.

Alma alikuwa mke wa Delmar Zastrow, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Saratani ilimchukua wiki moja kabla ya uchaguzi mmoja wa nyuma, bahasha yake ikiwa tayari imeshafika kwa karani. Baba na Delmar walisimamia kituo pamoja miaka yote, wakabishana miaka yote, na mwaka huu pia. Delmar alitaka makao yauzwe, kodi ya kuyaendesha imemfika shingoni.

Kisha ukaja ule usiku Baba aliokosa pumzi, tukaita gari la wagonjwa. Asubuhi yake ulipiga simu ukiwa na hofu, nami nilikuwa na hofu kuliko wewe. Nikaona nusu shari kuliko shari kamili, angalau kwa bahasha kuna tumaini, kuliko kumngoja hadi Jumanne ya Novemba akakosa yote. Tukamweka kati, wewe sikioni na mimi kitandani. Akajaza. Gene akatia sahihi ya shahidi, nami nikaipeleka kwa Renae kabla hajabadili mawazo.

Niliporudi alikuwa amegeukia ukutani. "Haya, mmeshinda," akasema. "Sasa sina kazi tena." Nikadhani ni utani wake.

Hapa ndipo ninaposhindwa kulala, Lowell. Kabla ya siku ile alikuwa kila asubuhi akijifunza kutembea toka kitandani hadi mlango wa nyuma, ameshika kiti, akitukana kila hatua, ili siku ikifika aweze kupanda gari. Alikula mayai asiyoyataka. Alimtuma Gene abadilishe matairi yawe ya theluji, isije ikawa sababu. Baada ya bahasha kwenda, aliacha yote. Hakukasirika, na ndiyo iliyonitisha. Alilala, akanywa mchuzi nilipomlazimisha, na Jumapili, watu wakiwa bado kanisani, akaenda zake. Alikuwa na Jumanne ya kuingojea, tukamnyang'anya Jumanne yake. Daktari anasema ni upuuzi, moyo haujui kalenda, angekufa siku ileile. Kuna saa ninamwamini daktari. Sikuandikii haya ili ubebe wewe. Wewe ulisema tu, bahasha niliipeleka mimi.

Jumanne Gene aliniambia nibaki nyumbani, nikaenda. Kukaa nyumbani nikitazama kiti chake kulinishinda. Pale ukumbini nilipewa kitabu cha majina kama kawaida, na kila aliyekuja alinishika mkono, akataja jina lake na anwani kana kwamba simjui. Mchana foleni ilipopungua tukaanza bahasha. Delmar ndiye aliyesoma. Alisoma za watu wa Kilima, za kina Pribyl, halafu akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Orville Rustebakke," akasoma. Aliisoma vizuri, kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe.

 Wanaume waliokuwa kwenye foleni wakavua kofia, wale vijana wenye kofia za rangi ya machungwa za kuwindia nao wakavua.  Nilimtazama Renae, akatazama viatu vyake.

"Kuna mwenye pingamizi?" Delmar akauliza, kama inavyotakiwa. Kisha akaniinamia, akasema chini chini, "Karla, mimi sijasikia habari ya kifo chochote. Simu yangu mbovu tangu Jumamosi."

Alikuwa amekuja nyumbani Jumapili ileile na sufuria ya supu. Na alijua Baba amepiga nini, na kwamba kura hiyo inaifuta ya kwake. Jambo lile nisingelitegemea kwa mtu yeyote, sembuse kwa Delmar Zastrow. Nami nilitaka kunyamaza. Sikuwahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile. Ilikuwa rahisi, karatasi ingeingia sandukuni na hakuna mtu mji huu ambaye angefumbua mdomo.

Lakini alikuwa amekaa pale Delmar, ubavuni kwangu, pale pale alipokaa siku Baba alipoiweka kando ya Alma. Ningeiacha ya Baba ipite, ningemwambia nini huyu mzee? Kwamba mkewe alikufa zaidi kuliko baba yangu?

"Baba alifariki Jumapili," nikasema. "Iweke kando."

"Una hakika, mwanangu?"

"Iweke kando, Delmar."

Akaandika mgongoni mwa bahasha, akaiweka upande wa kushoto peke yake. Halafu akasimama akatoka nje bila koti. Renae aliendelea kusoma majina yaliyobaki. Delmar aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema upepo wa leo mkali, nasi tukakubali kwamba upepo ni mkali.

Sasa najua utauliza matokeo. Makao yatauzwa. Wala haikuwa kwa kura moja au kumi, walitushinda vibaya kaunti nzima, hata hapa Thorsby. Kura ya Baba isingebadilisha kitu. Nimejaribu kulifanya hilo liwe faraja, limekataa. Wanasema mnunuzi atajulikana baada ya mwaka mpya, na huenda wenye hali kama ya Mama wakahamishiwa mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa gari. Lazima tuzungumze mimi na wewe, siyo kwa simu. Ukiruhusiwa kupanda ndege, njoo. Usingoje kiangazi.

Nilifunga kituo, nikapita kwa Mama kabla ya kwenda nyumbani. Habari ya Baba tulikuwa tumeshamwambia mara mbili, na mara mbili alilia kama anaisikia mara ya kwanza, hadi muuguzi akatusihi tusimwambie tena. Jioni ile alikuwa ameamka, amechanwa nywele, amekaa dirishani. Aliiona beji ya msimamizi kwenye sweta yangu, na uso ukamchangamka. Sijui jinsi kichwa chake kinavyochagua cha kushika.

"Leo uchaguzi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Orville kashapiga?"

"Kashapiga, Mama. Alipiga makao yenu haya yasiuzwe."

"Wamelisoma jina lake?"

"Wamelisoma. Delmar kalisoma kwa sauti, na wanaume wote wamevua kofia."

Akacheka, akajifunika mdomo kama msichana. "Wamemvulia kofia Orville," akasema. "Leo atarudi na kichwa kikubwa. Mwachie taa ya barazani."

Nikamwambia nitaiacha. Nimeiacha kila usiku tangu siku ile, na Gene hajaniuliza.

Nisalimie sana Corinne, na umwambie barua yake ilifika. Wasalimie Tessa na mdogo wake Brody, waambie babu yao aliwaachia visu vya kuchongea, nitavituma. Shangazi Arlene anakusalimu, pamoja na kununa kwake. Delmar naye alisimama juzi getini akaniambia, "Mpe Lowell salamu," akaondoka kabla sijajibu.

Mungu akunyooshe mgongo na akulinde safarini, akufikishe huku Mama angali anakuita kwa jina lako.

Mimi dada yako, nikupendaye leo kama jana,

Karla