Dari ya Landrova ya Kaka Rafaeli

Zombo,
Kilosa.
20 Novemba, 1994

Mpendwa mdogo wangu Danieli,

Shikamoo yako naiitikia kabla haijanifikia: marahaba. Hujambo huko Arusha kwenye baridi? Wifi yangu Hildegarda hajambo? Na kifua cha mtoto kimepona? Sisi huku tunapumua. Mvua za vuli zimetukimbia na mahindi yamekauka machanga. Mama ni mzima, natanguliza hilo ili usishtuke na yanayofuata.

Uliuliza kama Mama analilalia lile godoro la sponji ulilomtumia. Yeye alitaka nikujibu kwamba analilalia. Halilalii. Liliishia juu ya kichwa cha kaka yetu.

Rafaeli alipopunguzwa kazi kwenye mkonge, alinunua mnadani Landrova kuukuu, ile iliyozibwa kwa bati mpaka nyuma. Siku hizi kila kitu ruksa, naye akajipandisha cheo mwenyewe. Anabeba abiria wa Mikumi na anataka aitwe mkurugenzi. Mkurugenzi wa gari linalowashwa kwa kusukumwa!

Basi jua la Oktoba likaanza kuwachoma wateja wake wa mbele, wale wenye viatu vya kung'aa. Bati lile likipata moto, ndani mnaiva kama viazi kwenye sufuria iliyofunikwa. Rafaeli akatangaza kwamba ataweka dari, kama magari ya watalii wa mbugani. Mama akiwa kanisani, akaingia chumbani kwake, akatoa godoro, akalikata kwa kisu cha jikoni, akavibandika vipande chini ya bati kwa gundi ya mafundi viatu na kuvifunika kwa pazia jekundu. Juu ya viti vya mbele tu! Nyuma, kwenye mabenchi, akaacha bati tupu.

Nilipomuuliza, akanijibu, "Naomi, wewe hujui biashara." Mama akasema, "Mwache, ni mwanangu," akarudia mkeka wake.

Wiki iliyofuata tulimpeleka Mama hospitali Mikumi kwa ajili ya presha. Mwanawe akamkalisha nyuma pamoja nami. Mbele, kivulini mwa godoro la Mama, alikaa Lupakisyo, mfanyabiashara wa mbao. Njiani Mama akaniegemea, nikadhani amesinzia. Kumbe amezimia.

Tulikuwa na mfugaji mmoja, Sapit, aliyekuwa akifuata dawa ya ng'ombe. Akagonga bati kwa fimbo. "Simama! Mama anakufa huku!"

Rafaeli hakugeuka hata shingo. "Tunakaribia Mikumi. Vumilieni."

Sapit akafungua mlango wa nyuma gari likikimbia, akaning'inia nje akipiga kelele mpaka likasimama. Tukamlaza Mama kwenye majani. Sapit akavua shuka lake la juu, akalilowesha maji ya kibuyu chake, akamfunika. Unajua kaka yetu alipoteremka alisema nini? "Msinilowanishie viti."

Lakini Mungu si Rafaeli. Mama alifumbua macho.

Nikaona nikingoja huruma ya yule mtu tutazika. Nikatengeneza dari ya nyuma mwenyewe. Nilichukua kipimo cha bati kwa magazeti, nikakata magunia, nikajaza sufi katikati na kushona mistari ya karibu karibu isije ikajikusanya upande mmoja. Sikugusa gundi. Niliikaza kwa fito za mianzi zilizofungwa kwenye vyuma vya paa. Rafaeli alisimama pembeni akinicheka, eti natandika kitanda juu chini. Siku chache baadaye gundi yake ikayeyuka kwa joto, na pazia likamwangukia Lupakisyo usoni kama shela ya bibi harusi. Tangu hapo mkurugenzi anawaambia watu kwamba dari ya nyuma aliibuni yeye.

Siku ya kurudi hospitali ilipofika, akaja na kufungua mlango wa nyuma kwa madaha. "Panda, Mama. Siku hizi huku ni ubaridi mtupu."

Mama hakusogea. "Rafaeli, mimi nilikuzaa, sikukukodi. Nifungulie mbele."

Mbele alikuwa amekaa Lupakisyo. Yule mtu, ambaye si ndugu yetu wala jirani, aliona haya akateremka bila kuambiwa. Na kaka yetu, Danieli, alimshika mkono akimbembeleza arudi kukaa! Mama alitazama mpaka Lupakisyo akarudishwa kitini. Kisha akarudi ndani ya nyumba na kufunga mlango.

Kesho yake tulikwenda kwa basi. Presha imeshuka. Jina la Rafaeli Mama halitaji tena, wala hasemi tena, "Ni mwanangu."

Krismasi ukija, atakusubiri Mikumi na honi yake, atakuita mdogo wangu mpenzi, atakuwekea kiti cha mbele. Mpite. Panda basi.

Nisalimie Hildegarda, watoto, na mzee Mwinshehe jirani yenu. Mama anawaombea nyote, Mungu awafunike kwa mkono wake mchana na usiku.

Dada yako akupendaye bila kupungua,
Naomi