Kiuno Kile cha Nage

Zuhura mwanangu,

Amani ikushukie huko uliko. Mama yako anakuandikia, yaani mie nasema na mwanao Nasra kashika kalamu, maana skuli sikutia mguu na wewe wajua. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Akifika pahala pa kuona haya, aone haya huku anaandika.

Nimo humu nyumbani mwako Al Twar, huku ughaibuni, tangu ulipotutoka. Mumeo Khamis kanishughulikia viza ya kukaa, hata hakuniuliza, na mie sikumkatalia. Jiko lako nimelipangua lote. Usinune. Sufuria za juu ulikuwa ukizifikia wewe, mie mfupi. Lakini lile deli lako la buluu, la kuwekea baridi juisi ya ukwaju uliyokuwa ukiwapelekea wasichana wa timu, sikuligusa. Nililiacha pale pale mlangoni, kila nikitoka naliruka.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Ulipokufa, mwanao aliacha softiboli. Timu ya wasichana ya chuo chao ikaendelea bila yeye. Glavu kaitia kabatini nyuma ya mabuibui yako, kafunga. Akirudi chuo anadonoa chakula kama kuku mgonjwa, kisha analala uso ukutani. Nikimuuliza, "Khalas, bibi, basi tena. Nikicheza nitamtazama nani pale benchini?"

Shangazi yake akapiga simu kutoka Unguja, akasema afadhali kaacha, msiba mbichi na mtoto wa kike anakimbia uwanjani na suruali, haipendezi. Nikamwambia, "Suruali ilikuwepo mama yake alipokuwa hai, na makalio ni yale yale." Simu ikakatika. Sijui alikata yeye au mtandao.

Nasra hapa anacheka, anajifanya anakohoa.

Lakini niliogopa, Zuhura. Mie siogopi watu, wanijua. Niliogopa ule uso ukutani. Mtoto mmoja nimeshamzika. Nikasema huyu wa pili, aa, huyu simtoi.

Ijumaa moja baada ya alasiri akaja rafiki yake Wambui, yule Mkenya wa bara, mrefu, anayerusha mpira katika timu yao. Kocha kamtuma. Ligi inaanza, jezi ya Nasra bado hajapewa mtu, lakini jibu linatakiwa. Nasra hakutoka chumbani. Wambui akakaa na mie sebuleni akaniita shosho. Nikamwambia mie bibi, shosho ndiyo nani? Akasema, "Sawa, shosho."

Nikampenda hapo hapo.

Nikachukua soksi za Khamis, zile nene, nikashindilia matambara, nikafunga kwa uzi. Mpira wa nage huo. Nikatwaa na chupa tupu. Wambui hakuujua mchezo wetu, nikamweleza: wawili wanarusha, mmoja huku mmoja kule, wa kati anajaza chupa mchanga huku anakwepa. Ukimgusa, katoka. Tukashuka kwenye ule mchanga nyuma ya jengo, panapoegeshwa magari. Kisha nikamtuma juu akamwambie Nasra, "Bibi yako anarusha mpira peke yake mbele ya mlinzi, watu wanamtazama."

Akashuka mbio kunitoa aibu. Kabla hajasema neno nikampiga begani. "Umetoka!"

"Bibi, sichezi."

Nikampiga ya mgongo. Hapo damu yako ikamchemka. Akavua ndala.

Mwanangu we. Unakumbuka uani kwetu ulivyokuwa? Wenzio wakiuona mpira tu wanatawanyika kama vifaranga. Wewe unauachia uje, uje, ukikaribia tumbo ndipo unakata kiuno, mpira unapita, nawe unamwambia aliyerusha, "Umelamba hewa!" Ukanifanyia hata mie mama yako. Basi mtoto huyu chupa mkononi, mchanga hadi kwenye nywele, nimemrushia wa nguvu, akauachia uje, uje, akakata kiuno.

"Umelamba hewa, bibi!"

Nikakaa chini. Mlinzi, maskini, alidhani nimeanguka, akaja na maji. Nacheka na kulia pamoja, sijui kipi kilianza. Kesho yake nikaikuta glavu dirishani, inapigwa upepo.

Siku ya mechi nikalipangusa vumbi deli lako, nikatia juisi na barafu. Ukwaju wangu mkali kuliko wako. Walikunja uso lakini walikunywa. Softiboli wewe uliijua, mie ndiyo kwanza naiona, kwa hiyo nivumilie. Nimekaa na leso yangu, naona mwanao kasimama na rungu, kavaa kofia ngumu juu ya hijabu, na msichana wa upande wa pili anamrushia mpira kwa nguvu, hivi hivi, mchana kweupe. Ungefanya nini? Nikapiga kelele, "Kwepa!"

Naye akakwepa. Akaruka nyuma kama kaona nyoka. Kumbe ule ulikuwa mpira mzuri wa kupigwa! Refa kamhesabia kosa. Ukaja mwingine, "Kwepa mwanangu!" Kosa la pili. La tatu akatolewa. Benchi zima limenigeukia. Wambui akaja kunikalia pembeni, akaniambia taratibu, "Shosho, huku mpira haukwepwi. Unapigwa." Nasra alipita mbele yangu, hata juisi hakutaka.

Nikatia pembe ya leso mdomoni nikaiuma. Nikaiuma mechi nzima, Zuhura. Nani kaniona nimenyamaza hivyo? Hata kwenye harusi yako sikunyamaza.

Zamu yake ikarudi. Kauona mpira, kaupiga, paa! Kakimbia vituo, vile vibao vyao vya kukanyaga, kafika cha tatu, kasimama anahema. Mwenzake akapiga, Nasra akatoka mbio kurudi pale alipoanzia, wanapaita nyumbani. Lakini mpira umefika kabla yake. Mdakaji wa upande wa pili kashauweka ndani ya glavu, kauziba mlango, anamngoja amguse amtoe. Hapo nikaitema leso. Sikumwuliza Wambui wala refa.

"Kwepa!"

Akauachia mkono uje, uje. Nikafumba macho, nikafumbua. Akakata kiuno, Zuhura. Kiuno kile. Mguu umekanyaga nyumbani, glavu ya yule mdakaji iko hewani peke yake. Na mwanao, mbele ya watu wa kila taifa, "Umelamba hewa!" Hakuna aliyefahamu ila sisi, lakini wale wasichana walidhani ni kitu cha timu, Wafilipino, Wamisri, wote wakashika, "Hewa! Hewa!"

Kisha akageuka akatazama benchini. Akanikuta nimesimama juu ya deli lako, leso iko shingoni. Nimelitia ufa kwenye kifuniko, unisamehe. Hakunikimbilia wala nini. Alinitazama tu, halafu akanyoosha mkono: juisi.

Wakafungwa, mwanangu. Mechi walishindwa. Garini njia nzima anamtukana refa, ati kipofu, ati ule mpira wa kwanza haukuwa mzuri hata kidogo. Khamis akataka kumnyamazisha, nikamfinya. Mtu anayegombana na refa kesho yumo.

Sasa ahadi yangu. Ilimradi magoti haya yananibeba, nitakaa pale ulipokuwa ukikaa. Akishika rungu nitanyamaza. Akikimbia nitapiga kelele mpaka Unguja wasikie, na huyo shangazi asikie. Ukwaju nitaupunguza makali. Sufuria zako sizirudishi juu.

Nasra anataka aongeze neno lake hapa chini. Nimemkatalia. Ya kwake yeye atakwambia kwa miguu, Jumamosi wana mechi.

Lala, Zuhura wangu. Mungu akupanulie kaburi. Mie niko macho na mwanao.

Mama yako