Neide Alisema Sasa

Hamamatsu, Japani
9 Novemba 2023

Mpendwa shemeji Ivone,

Salamu nyingi kutoka kwenye nyumba iliyopoa. Je, goti lako linaendeleaje, na joto la huko Bastos, Brazili, limeanza kuwachosha? Mimi mwili ni mzima. Nakula, ingawa bado napika wali wa watu wawili.

Umeniuliza dada yako Neide alishindaje siku za mwisho. Utashangaa: alicheza mchezo wa video wa mbio za vigari, ule ambao binti yetu Marli alituachia alipohama. Kila Jumapili baada ya chakula tulikaa mbele ya televisheni kama watoto, na kila Jumapili alinishinda.

Siri yake ilikuwa kwenye kona. Ukibonyeza kitufe cha kulia cha pedi ya kuchezea huku ukikata kona, kigari kinaserereka kiubavu. Usipokiachia kitufe, magurudumu yanatoa cheche: kwanza za buluu, kisha za chungwa, mwisho za zambarau. Ukiachia, cheche zinageuka mwendo. Ukiachia kwenye buluu, unasukumwa kidogo tu. Kwenye zambarau, unaruka mbele ya wote. Lakini ukigonga ukuta kabla hujaachia, umepoteza zote.

Mimi niliachia buluu siku zote. Neide alinicheka: "Wewe mzee, hata wali hujawahi kuusubiri uive."

Kiharusi kilipompoozesha mkono wa kulia, tulishika pedi moja. Yeye aliongoza kwa dole gumba la kushoto, mimi nikabonyeza kitufe. Alininong'oneza, "Bado. Bado, mzee. Haya, sasa." Tukaruka na zambarau, naye akanipiga kiwiko. "Umeona? Miaka arobaini na sita ya ndoa, ndiyo kwanza unajifunza leo."

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Septemba uliniuliza kama uje. Daktari alikuwa ameniambia hawezi kuahidi hata mwezi mmoja. Nilimsomea Neide barua yako, akasema, "Mwambie aje. Sasa."

Nami nikakuandikia usubiri baridi ipite, apate nguvu kwanza. Sikukwambia alichosema yeye, wala alichosema daktari. Nilijidanganya kwamba hatimaye nimejifunza subira. Kumbe, shemeji, nilikuwa naogopa: ukipanda ndege, basi ni kweli anakufa. Tarehe ishirini na moja Oktoba akafa akiutazama mlango.

Sina la kujitetea. Nusu ya majivu yake nakuletea, alale karibu na mama yenu. Nafika Bastos tarehe kumi na nne Desemba. Ukinifungia mlango nitakuelewa, nitamwacha kizingitini kwako nirudi. Ila tiketi nimeshaikata; jibu lako sikulingoja.

Nisalimie Toshio mumeo, na shangazi Hatsue ambaye najua atanitukana. Mungu akupe usingizi ambao mimi sina.

Wako akupendaye, niliyekukosea,
Shemeji yako Osvaldo